Mwaka Tuliouliza Nani Atashinda

Kwenye matanga ya Mwalimu Maki, kule Bunia, watu kumi na wanne walisimama kusema, na wote, mmoja baada ya mwingine, walisema kwamba mwaka ule wa uchaguzi walimpa kura. Niliwahesabu bila kukusudia, kwa mazoea. Walikuwa wazee sasa, wengine wameshikwa mkono na wajukuu ili waweze kusimama, na kila mmoja alilisema jambo hilo kama mtu anayeonyesha kovu la zamani. "Miye nilimuchagua Mwalimu." "Siye wa ile avenue, wote, tulimuchagua Mwalimu." Hakuna aliyemtaja Patron Paluku, ambaye ndiye aliyeshinda, tena kwa mbali sana. Nilikaa kwenye benchi ya nyuma nikiwa na kikombe cha chai, nikijaribu kuyapanga mambo kichwani na mambo yakikataa kupangika. Kama hawa wanasema kweli, mwaka ule nilikutana na watu gani pale sokoni? Na kama wale wa sokoni walisema kweli, hawa ni akina nani? Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu: ni watu walewale. Wawili kati yao niliwauliza mimi mwenyewe, nikaliandika jibu lao kwa bic ya bluu, na jibu halikuwa Mwalimu.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho, siku za chama kimoja, wakati nchi yetu iliitwa Zaire na sisi wote tuliitwa Citoyen na Citoyenne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka Butembo na cheti cha kupiga mashine, nikapata kazi ya dactylo kwenye gazeti dogo la Bunia, na kwa kuwa sikuwa na ndugu mjini, nikapangishwa chumba nyuma ya nyumba ya Mwalimu Maki, katika mtaa wa Bigo. Kilikuwa chumba cha ukuta mmoja na chumba chao cha kulala, na ukuta wenyewe haukufika kwenye bati. Uliishia kwenye mbao za paa, kwa hiyo nilisikia kikohozi cha Mwalimu, sala za mke wake, Mama Neema, na mambo mengine yote waliyoambiana. Nyumba haikuwa yao. Ilikuwa ya shule, kama nyumba zote sita za mstari ule, lakini Mama Neema alikuwa ameishi mle miaka kumi na kuifanya yake: alijenga jiko la matofali nyuma, akapanda maharagi mpaka kwenye mtaro, na kando ya mlango akaotesha mawaridi mekundu ambayo mbuzi wa jirani waliyatamani kila msimu. Nilikula nao. Bugali na sombe, yaani kisamvu, siku nyingi, samaki wa Kasenyi siku ambazo gari lilipanda kutoka ziwani, na maharagi siku zilizobaki. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuuliza swali moja kila mlo, na hakuna aliyechukua kipande cha pili cha samaki kabla swali halijajibiwa. Kwa nini mwezi unatufuata tukitembea? Nani aliamua kwamba wiki ina siku saba? Neema, binti yake wa miaka tisa, alijibu kwanza na kukosea kwanza, na baba yake alifurahia kosa kuliko jibu.

Mwaka ule ikatangazwa kwamba wajumbe wa watu watachaguliwa, na kwamba ingawa chama ni kimoja, wagombea wanaweza kuwa wengi. Jambo hilo lilikuwa geni kiasi kwamba watu waliliongea kwa sauti ya chini hata redio ilipolitangaza kwa sauti ya juu. Mwalimu akajiandikisha. Wakubwa wa shule walimwambia kuwa mwalimu hawezi kugombea na kufundisha kwa pamoja, aache kazi kwanza. Akaacha. Barua waliyompa ilibandikwa na Mama Neema ukutani, juu ya meza ya chakula, ili mume wake aione kila anapomega bugali: akishinda atakwenda Kinshasa na familia itakaa mpaka aichukue, akishindwa, nyumba iwe tupu kabla masomo hayajaanza. "Soma tena," Mama Neema alimwambia siku moja mbele yangu. "Weye njo mwalimu wa kusoma." Mwalimu akajibu kwa Kiswahili chake cha shule, ambacho hakukiacha hata alipokasirika: "Nimeisoma. Na watu wa mji huu wananijua. Nimewafundishia watoto miaka kumi na mbili." Hilo lilikuwa kweli. Ungepita naye barabarani usingefika mapema, kwa sababu kila baada ya hatua tatu kijana wa kutengeneza baiskeli au mama mwenye mtoto mgongoni alimsimamisha kumsalimu.

Mgombea mwingine aliyejulikana alikuwa Patron Paluku, mfanyabiashara, mwenye duka kubwa karibu na soko. Hakuwa mtu mbaya, na naliandika hilo mapema kwa sababu katika hadithi za namna hii tajiri hupewa ubaya bure. Alikuwa mnene, mwenye haya, aliyependa kukaa nyuma ya kaunta na kuacha wengine waseme. Lakini jina lake lilisikika kuliko la mtu yeyote mjini, na sababu yake ilikuwa vifo. Redio ya mjini ilikuwa na kipindi cha matangazo kila jioni: fulani amefariki, ndugu zake walioko Kilo wapate habari, fulani anasubiriwa Mahagi kwa ndoa, mbuzi mwenye alama hii amepotea. Nyumba ya redio ilikuwa mbali, juu kilimani, kwa hiyo tangu miaka mingi watu waliandika matangazo yao na kuyatia katika sanduku la mbao kwenye kaunta ya Paluku, na dereva wake aliyapeleka. Kwa adabu, msomaji alimaliza kila tangazo kwa maneno yaleyale: "Limetufikia kupitia duka la Patron Paluku." Hayakuwa maneno ya uchaguzi. Yalikuwepo kabla ya uchaguzi, na hakuna aliyefikiria kuyaondoa. Lakini kila aliyekufa Bunia alisindikizwa na jina la Paluku, na sikio likishazoea jina kila jioni kati ya bugali na kulala, linaanza kudhani jina hilo ni la serikali.

Gazeti letu lilikuwa karatasi mbili zilizochapwa kwa roneo, mashine ya kunakili, mbele na nyuma. Lilikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo hakuna aliyelitumia; kwa kuwa lilitoka siku ya posho, yaani Jumamosi, watu waliliita Posho. Mkubwa wetu alikuwa Citoyen Ukelo, karani mstaafu, mrefu, msafi mpaka kwenye kucha, aliyepanga penseli zake kwa urefu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya wino na ya nta ya stensili, na dirisha lililotazama gereji. Mimi nilipiga stensili, nilizungusha mpini wa roneo, na polepole nikaanza kutumwa nje kuleta habari, kwa sababu Citoyen Ukelo alikuwa na miguu mibaya. Asubuhi moja alikuja na jarida la zamani la Kifaransa, limekunjwa kwenye ukurasa mmoja. "Tazama, Masika," akasema. "Kule Ulaya banauliza batu mbele ya kuchagua. Banaandika mistari, banahesabu, banajua matokeo mbele ya siku yenyewe. Siye pia tutauliza." Nikasema: "Tutauliza nini, Citoyen?" "Tutauliza: utachagua nani? Ni kitu gani kingine?" Kisha akanitazama juu ya miwani. "Na weye unalala kwa Mwalimu. Kwa hiyo utaandika sawasawa kuliko mutu yote. Umesikia?" Nilisikia, na nadhani nilisikia kupita kiasi.

Siku ya kwanza sokoni sikupata hata jibu moja. Nilikuwa na daftari, na sikujua bado kwamba daftari lenyewe ndilo lililouliza swali kabla yangu. Mama aliyeuza mihogo aliniuliza mimi ni nani. Nikasema natoka Posho. "Na nani amekutuma?" Nikasema mkubwa wa gazeti. "Na yeye, nani amemutuma?" Nikasema hakuna. Akacheka na kumgeukia mwenzake: "Sikia! Hakuna mutu amemutuma, na iko na bic." Mwanaume aliyekuja kutoka Ariwara na marobota ya vitenge aliniambia niandike Rais. "Rais hayumo, papa, hawa ni wajumbe." "Hata kama hayumo. Weye andika Rais. Ukiandika Rais, hakuna mutu atakuja kuniuliza kitu." Mwingine alisema, kwa upole kabisa, kama anayemsaidia mtoto: "Andika yenye Leta inapenda. Siye tunapenda hiyo hiyo." Leta ndilo neno letu la serikali, na nililisikia mara nyingi asubuhi ile kuliko majina yote ya wagombea. Nikarudi ofisini na ukurasa mweupe.

Citoyen Ukelo aliutazama ukurasa ule muda mrefu. Hakuwa mjinga, alikuwa ameandika ripoti za wengine miaka thelathini na alijua watu wanavyojificha ndani ya jibu. "Bon," akasema. "Haulizwi mutu moyo yake. Moyo iko hatari. Uliza habari. Usiulize utachagua nani. Uliza nani atashinda." Nilikumbuka maneno hayo baadaye katika kazi yangu yote, na mpaka leo sijui kama yalikuwa ya hekima au ndiyo yaliyoharibu kila kitu. Maana kesho yake soko lilifunguka kama mfuko wa mchele. Kuulizwa nani atashinda kulikuwa kama kuulizwa habari za mpira. Mtu hasemi lake, anasema la wengine, na la wengine halina kosa. "Ah, ile iko rahisi! Paluku." "Kwa nini Paluku?" "Weye hausikie redio?" Waliniita wenyewe. Walibishana mbele yangu. Vijana wawili waliokuja kutoka machimbo ya Kilo walisema hawajamwona Paluku kwa macho, lakini wanajua atashinda, kwani hata kifo cha baba yao waliambiwa na yeye. Nilivuka soko, nikapita gereji, nikapita kanisani baada ya misa, nikapita mitaa yote kwa mpango, kila nyumba ya tatu, kama jarida la Kifaransa lilivyoeleza. Nilikuwa na fahari. Sikuruka mtaa hata mmoja, na sikumpendelea yeyote.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi nikiwa mzee, si wakati ule. Mama mmoja wa makayabu, samaki wa chumvi, baada ya kusema Paluku na baada ya kuniona nikichora mstari, alinivuta kwa mkono wenye magamba ya chumvi. "Mimi," akasema karibu na sikio langu, "mutoto yangu alijua kusoma kwa Mwalimu. Kama ingekuwa miye peke yangu, ningechagua yeye. Lakini siko peke yangu." Nikamwitikia, nikasonga mbele. Fundi wa cherehani aliniambia karibu maneno hayohayo. Mzee mmoja wa Djugu aliyeleta viazi alisema: "Paluku atashinda. Ni huzuni, lakini atashinda." Sikuyaandika. Hayakuwa majibu ya swali langu, na mimi nilikuwa msichana mwenye utaratibu. Daftari lilikuwa na mistari miwili ya kuchora, si nafasi ya manung'uniko. Mwisho wa juma mistari ya Paluku ilikuwa imejaza kurasa na kurasa. Ya Mwalimu haikufika nusu ya ukurasa mmoja.

Niliyapeleka hayo mezani. Sikuwa na akili ya kunyamaza, au labda niliona kunyamaza ni wizi. Ilikuwa maharagi siku ile. Mwalimu hakuuliza swali lake la kawaida, aliuliza hili. "Mistari yangu ni mingapi?" Nikamwambia ni michache. "Michache kama nini?" Nikamwonyesha kwa vidole nafasi iliyochukua kwenye karatasi. Mama Neema aliweka mwiko chini. Mwalimu akasafisha mikono yake, akaanza kunihoji kama vile ningekuwa mbele ya ubao: niliuliza wanawake? Niliuliza waliotoka vijijini? Niliwauliza mmoja mmoja au wakiwa kundi? Nilijibu yote, na kila jibu lilikuwa sahihi, na niliona uso wake ukizidi kuwa mzito na pia, kwa namna nisiyoweza kuieleza, ukizidi kuridhika, kama anavyoridhika mtu anaposahihisha kazi ya mwanafunzi na kukuta haina kosa. "Basi chapeni," akasema. "Mkificha kwa sababu ni mimi, mtaficha kesho kwa sababu ni mwingine." Hakuniuliza ni swali gani nililowauliza. Ndiyo ajabu yenyewe: mtu aliyeishi kwa maswali aliuliza yote isipokuwa hilo. Nami sikulisema, sikujua kwamba ni jambo la kusema.

Jioni ile, kupitia juu ya ukuta, nilimsikia Mama Neema. "Unamupa chumba. Unamupa chakula. Na yeye anatuandikia kifo yetu kwa karatasi." Mwalimu akasema: "Hajaandika yeye. Wameandika watu." "Batu gani? Paluku iko mutu ya kwao, ya Butembo. Hauoni?" Kisha Mwalimu akasema polepole: "Ungesema hivyo kama mistari ingekuwa yangu?" Mama Neema alijibu kwa kulia, au kwa kucheka, sauti mbili hizo zinafanana zikipita juu ya ukuta. Asubuhi alinimiminia chai kama kawaida, kikombe kikajaa mpaka ukingoni, na hakunitazama.

Sasa lazima nieleze muhuri. Kila toleo la Posho lilipaswa kupita ofisi ya serikali kabla ya kuuzwa, na karani wa pale hakuridhika kupiga muhuri nakala moja. Alizipiga zote, moja baada ya nyingine, chini ya ukurasa wa mwisho, mahali palepale, kwa sababu alipenda kazi nzuri. Majuma mengine muhuri uliangukia matokeo ya mpira au ushauri wa kupanda mahindi. Juma lile ukurasa wa mwisho ulikuwa wetu. Kichwa nilikipiga mimi, na kilikuwa cha haki: "Nani atashinda? Watu wa Bunia wanajibu." Chini yake majina mawili, la Paluku juu, na chini ya Paluku na Mwalimu, wa bluu, wa mviringo, wenye kichwa cha chui wazi kabisa, muhuri wa Leta. Siku ya posho saa nne nakala zilikuwa zimekwisha. Saa sita nilisimama nyuma ya watu waliozunguka nakala iliyobandikwa kwenye mlango wa duka la kuuza sabuni. Mtu mmoja aliwasomea wengine. Hakusoma kichwa. Alisoma majina, kisha akaweka kidole kwenye muhuri. "Tazama. Kashe iko hapa. Leta imeshapanga." Mwingine akauliza: "Kwa hiyo kuchagua kutakuwa ya nini?" "Ya kukubali," yule akamjibu, na watu wakacheka kidogo, wakaondoka. Nilitaka kusema kwamba muhuri ule ni wa karatasi, si wa mtu. Kwamba juma lililopita muhuri huohuo ulipigwa chini ya habari za mahindi na hakuna aliyedhani Leta imeyapanga. Nilifungua mdomo. Lakini kwa msichana mwenye bic mkononi kueleza kwamba Leta haijasema kitu, ni nani angeamini? Na mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama pale, nilianza kujiuliza kama karani yule alipiga vizuri kuliko kawaida.

Jumatatu Patron Paluku alikuja ofisini. Alijaa mlangoni, kofia mkononi, akanisalimu kwa Kinande, lugha yetu ya Butembo, kisha akamgeukia Citoyen Ukelo kwa Kiswahili. "Nani amewaambia nitashinda?" "Batu, Patron." "Batu gani?" "Wote." Aliketi kwenye kiti changu, ambacho kililalamika. Akasema kwamba alikuwa na barua mfukoni ya kuondoa jina lake. Aliandikishwa na rafiki zake baada ya bia, mke wake hataki Kinshasa, na yeye mwenyewe hajui kusema mbele ya watu. Alikuwa anaipeleka barua ile siku hiyohiyo. Lakini sasa, akasema, ataondokaje wakati Leta imeshaweka muhuri? Si itaonekana kama matusi? Citoyen Ukelo akasema kwamba muhuri ni wa gazeti. Paluku akamtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye akili anayejifanya hana. "Citoyen," akasema, "siye wote tuko bakubwa hapa." Akaondoka na barua yake mfukoni. Mpaka leo namwona akishuka ngazi ile, mtu anayekwenda kushinda bila kupenda, kwa sababu alisoma katika gazeti langu kwamba wengine wanapenda.

Siku ya kura tulipanga mstari mbele ya madarasa. Ndani kulikuwa na pazia la kitambaa, na nyuma yake karatasi zenye picha. Unachukua moja, unaitia katika bahasha, unatoka. Nilitia ya Mwalimu. Nasema hivyo kwa uhakika, ingawa baada ya watu kumi na wanne wa matanga hata uhakika wangu naushuku. Ninachokumbuka wazi zaidi ni aibu: nilijiona kama mtu anayefanya jambo la kijinga peke yake, kama aliyevaa nguo ya misa siku ya kazi. Nilijua kwa mistari na kurasa kwamba kura yangu ni ya bure. Nilirudi ofisini, na Citoyen Ukelo, akizipanga penseli zake, akauliza bila kuinua kichwa: "Na weye?" "Paluku," nikasema. "Kama wote." Nilidanganya ili nisionekane kama mtu asiyeamini kazi yake. Akaitikia kwa kichwa. "Miye pia," akasema. Nimeishi miaka mingi nikilichungulia neno lile, "miye pia," bila kujua kama wawili tulidanganyana siku ile au mmoja tu. Alikufa kabla sijamuuliza.

Matokeo yalipotoka, hakuna aliyeshangaa, na Posho ikasifiwa. Watu waliniambia barabarani: "Mulisema kweli!" Mama wa makayabu alinipa samaki mmoja bure. Nilimuuliza kama alimchagua Mwalimu kama alivyoninong'oneza, akanishangaa: "Nilikuambia miye? Hapana. Ningetupa kura yangu kwa nini, na gazeti imeshasema?" Nilisimama na samaki yule mkononi. Leo vijana hufanya kura za maoni kwenye simu, wakibonyeza kidole kabla ya chai kupoa, na wananiita niwasifu. Nami nawauliza tu wameuliza swali gani, nao huona ni swali la mzee. Sijui namna ya kuwaeleza kwamba mwaka ule mji mzima ulijibu kwa kweli. Sikukuta mwongo hata mmoja. Kila mtu alisema anachodhani wengine wanataka, wengine wakasoma, wakaona wanachodhani ni kweli, wakakifanya. Ni wapi hapo ningeweka kidole niseme: kosa lilianzia hapa?

Walihama Jumatano, wiki mbili kabla ya masomo. Pick-up ya kuazima iliegeshwa karibu na mawaridi, na Mama Neema alichimba mizizi ya maharagi yasiyokomaa, akaitia ndani ya sufuria na udongo wake, akisema atayapanda huko Kilo hata kama yatakufa. Mwalimu alikuwa amepata nafasi ya kufundisha watoto wa wachimbaji, bila nyumba. Nilimsaidia kufunga magodoro kwa kamba. Neema alikuwa amekaa juu ya meza iliyopinduliwa, akila karanga, akitusikiliza. Ndipo Mwalimu, kamba kati ya meno, aliponiuliza kile alichosahau kukiuliza siku ya maharagi. "Masika, mwanangu. Uliwauliza nini hasa?" Nikamwambia. Nilimweleza ya siku ya kwanza, ya Rais na Leta, na jinsi tulivyobadili swali. Akaitoa kamba mdomoni. Akanitazama kama alivyomtazama Neema akikaribia jibu. "Nani atashinda," akarudia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini, hakikuwa na hasira. "Ungeniuliza mimi swali hilo," akasema, "ningekujibu Paluku."

Nilisema kwamba yeye angalau kura yake alijipa mwenyewe. Lilikuwa neno la kufariji, nililitoa bila kufikiri, kama mtu anavyosema pole. Mwalimu alipitisha kamba chini ya godoro, akaivuta, akapiga goti juu yake ili likaze, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga upya.

"Nilikaa sana nyuma ya pazia lile, picha yangu mkono mmoja na ya Paluku mkono wa pili," akasema mwishowe. "Sana, mpaka yule kijana wa mlangoni akachungulia. Akaniuliza kwa heshima kama nataka mtu wa kunisomea."